Namna ya Kuendesha Kikundi cha Waraibu Wanaosaidiana Kuacha Dawa za Kulevya

Kikundi cha namna hii hakihitaji fedha nyingi wala mtaalamu wa kukiongoza. Kinachotakiwa ni watu wachache wenye nia ya kuacha, chumba chenye faragha, na siku na saa isiyobadilika, kwa kuwa mraibu aliyejikaza hadi akafika, kisha akakuta mlango umefungwa, huenda asirudi tena. Kwa hiyo ufunguo ukae kwa watu wawili. Narcotics Anonymous, jumuiya ya waraibu wanaosaidiana kuacha dawa, iliyoanzishwa California, Marekani, mwaka 1953, haitozi ada, na sharti lake la uanachama ni nia ya kuacha tu. Sioni sababu ya kuongeza masharti mengine.

Kikao cha kwanza kiafikiane kuhusu siri: yanayosemwa ndani hayatoki nje, hata kwa mzazi aliyemleta mhusika. Kila mmoja azungumze kwa zamu juu ya yaliyompata yeye mwenyewe, bila kukatizwa wala kupewa ushauri asiouomba. Masimulizi ya jinsi dawa ilivyoandaliwa na starehe iliyoleta yazuiwe mapema, maana humwamshia hamu aliyeacha juzi.

Vikundi vingi hushindwa pale mwenzao anapoteleza. Huyo huona aibu, huacha kupokea simu, na wenzake hudhani wamheshimu kwa kumwacha peke yake, ilhali huo ndio wakati wa hatari kubwa. Aliyekaa wiki kadhaa bila heroini, mwili wake haustahimili tena kipimo alichokizoea, na kipimo hichohicho chaweza kumuua. Jambo hili lisemwe waziwazi kikundini, na wanachama wafundishwe kutumia naloksoni, dawa ya kumwokoa aliyezidisha heroini, inapopatikana, na kuita huduma ya dharura mara wamwonapo mtu haamki, pumzi zikipungua na midomo ikibadilika rangi. Akirudi, asihukumiwe, aulizwe taratibu alikuwa wapi, na nani, na hamu ilimshika saa ngapi, ili safari ijayo ajue wa kumpigia kabla ya saa hiyo.

Anayetumia methadoni, dawa ya tiba inayotolewa badala ya heroini, kwa maelekezo ya daktari ahesabiwe ameacha sawa na wengine, na asishawishiwe kuikatiza. Vilevile, arosto, yaani mateso ya mwili mtu anapoacha alichokizoea, ikiwa ni ya pombe au ya vidonge vya usingizi yaweza kuleta degedege. Aliyezoea kuvitumia kila siku amwone daktari kabla ya kuviacha, huku kikundi kikimsindikiza.