Namna ya kuanza kukusanya vyombo vya kale vya Mediterania ukiwa Wete

Mama yangu alikuwa na mtungi wa maji ya kunywa uliokaa juu ya mchanga, kwenye pembe ya ukumbi isiyofika jua, na kata ya kifuu imetundikwa ukutani juu yake. Miaka mingi baadaye nilikuwa baharia, meli yetu imefunga gati Piraeus, nikapanda treni mpaka Athens na kuingia Makumbusho ya Taifa ya Mambo ya Kale. Mle nikakuta mtungi wenye mikono mitatu: miwili ubavuni ya kunyanyulia, wa tatu mgongoni wa kumiminia. Wagiriki wa kale wakiuita hydria. Nilisimama mbele yake mpaka mlinzi akaja kunitazama. Yule mfinyanzi alimfikiria mtu anayebeba maji, kama mfinyanzi wa mtungi wetu alivyomfikiria mama.

Sasa nimestaafu. Nina vyombo vinne vya kale vya kweli, na nakala kumi na moja. Vijana wawili watatu wamenijia wakitaka kuanza, na haya ndiyo ninayowaambia, pamoja na makosa yaliyonigharimu.

Miezi sita ya mwanzo usinunue kitu. Tazama tu. Sisi tunaanza na mtaji mzuri, kwa sababu lugha yetu ina jina la kila chombo: mtungi, gudulia, kuzi, balasi, kasiki. Aliyelelewa akijua kuzi si gudulia hatoshindwa na majina ya Kigiriki. Hydria ni mtungi. Oinochoe ni kuzi: mkono mmoja, na mara nyingi mdomo wake umebinywa ukawa kama jani la pembe tatu ili kinywaji kitoke bila kuchuruzika. Pithos ni balasi lililokua likakaribia kimo cha mtu, la nafaka, mafuta au divai. Krater ni bakuli kubwa la kuchanganyia divai na maji, maana Wagiriki hawakuinywa kavu. Vikombe vyao ni vitatu vya kukumbuka: kylix, mpana na mfupi, una mguu; skyphos, una kina kama bakuli la uji, masikio mawili karibu na mdomo; na kantharos, masikio yake yamepanda yakapita mdomo.

Amphora naiweka peke yake, kwa kuwa ni chombo cha baharia. Ni kasiki la safari, la divai, mafuta ya zeituni au mchuzi wa samaki. Watu huuliza kitako kilichochongoka kinasimamaje. Aliyewahi kupakia shehena anajua: ncha ya kasiki la juu inaingia kati ya mabega ya makasiki ya chini, na mzigo hauchezi meli ikiyumba. Wakati wa kumimina, ncha hiyo hiyo ndiyo unayoishika kwa mkono wa pili. Mjerumani Heinrich Dressel aliyapanga makasiki ya Kirumi kwa namba mwishoni mwa karne ya 19, na wakusanyaji wanazitumia mpaka leo. Dressel 20, kwa mfano, ni kasiki la mviringo la mafuta kutoka kusini mwa Hispania. Likiwa tupu lina kilo 30 hivi, likijaa linachukua kama lita 70. Mafuta yakishamiminwa mjini Roma, kasiki halikufaa tena, kwani yaliyonywewa na udongo huchacha. Wakayavunja, wakayapanga safu kwa safu, likawa rundo, rundo likawa kilima. Kinaitwa Monte Testaccio, kimo chake ni kama mita 35, na ni vigae vitupu.

Kabla hujatafuta kwingine, nenda Makumbusho ya Pemba ndani ya ngome kongwe ya Chake Chake, kisha utembee magofu ya Ras Mkumbuu na Chwaka ya Tumbe. Hutokuta vitu vya Wagiriki huko. Utakuta jicho lako. Utajifunza kutofautisha kigae cha mdomo na cha kitako, na kukisia ukubwa wa chombo kizima kutokana na mpindo wa kipande kimoja. Kitazame hapo hapo kilipo, kisha kiache hapo hapo.

Karatasi kabla ya pesa

Hapa sitaki mtu apite haraka.

Mwaka 1972 Makumbusho ya Metropolitan ya New York yalinunua krater iliyochorwa na Euphronios wa Athens, karibu mwaka 515 KK, yenye ujazo wa lita 45 hivi. Bei ilikuwa kama dola milioni 1. Ikaja kujulikana kwamba wezi waliifukua kwenye kaburi la Cerveteri, Italia, mwaka mmoja tu kabla ya hapo, na mwaka 2008 ikarudishwa. Chombo kimerudi, lakini alikuwa nani aliyezikwa nacho, kiliwekwa upande gani wa kichwa chake, na kiliambatana na vitu gani, hayo yamepotea.

Linganisha na mzamiaji wa sponji wa Uturuki aliyemweleza nahodha wake mwaka 1982 kwamba ameona chini ya bahari biskuti za chuma zenye masikio. Zilikuwa shaba, shehena ya meli iliyozama Uluburun karibu mwaka 1300 KK. Kwa kuwa alisema na hakuiba, wataalamu walichimbua kuanzia 1984 hadi 1994, wakakuta makasiki ya Wakanaani yapatayo 150, mengi yakiwa na utomvu wa miti ndani. Leo vitu hivyo vipo kwenye makumbusho ya Bodrum, Uturuki, na kila mtoto wa skuli anaweza kuviona.

Kwa hiyo, kabla hujauliza bei, uliza chombo kilikuwa wapi mwaka 1970. Tarehe 14 Novemba mwaka huo UNESCO ilipitisha mkataba wa kuzuia biashara haramu ya mali za kale, na wakusanyaji waaminifu wameuchukua mwaka huo kama mpaka. Unachotaka kuona ni risiti ya zamani, ukurasa wa orodha ya mnada wenye picha na namba, barua, au kibali cha kutolea nje. Maneno kama "kutoka familia moja ya Ulaya, mkusanyiko wa zamani," bila jina wala mwaka, si karatasi. Misri ilifunga biashara hii kabisa kwa sheria ya mwaka 1983. Ugiriki na Italia kilichotoka ardhini ni mali ya nchi. Mtu akikutolea kikombe mfukoni bandarini, mwambie asante na uende zako.

Mimi sikwenda zangu. Katika bandari moja niliuziwa lekythos, kichupa chembamba cha mafuta, kimepakwa udongo mkavu kana kwamba kimetoka kaburini asubuhi ile. Nililipa karibu mshahara wa mwezi mmoja, bila karatasi yoyote. Usiku chumbani melini nikachovya pamba kwenye dawa ya kufutia rangi ya kucha, nikaipitisha begani. Pamba ikaja nyeusi. Nikapitisha kwenye ule udongo, nao ukayeyuka kama gundi, kwa sababu ulikuwa umegundishwa. Nilihuzunikia pesa. Baadaye nikahuzunika zaidi kwa jambo jingine: nilikinunua nikiamini ni cha kweli na kimefukuliwa, na nikakubali.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu na sisi tunafukuliwa. Unguja Ukuu, maji yakitoka, unaokota ufukweni vigae vya makasiki ya Ghuba ya Uajemi yenye rangi ya kijani na buluu, ya zaidi ya miaka 1,000. Nimeona watoto wakiviuza kwa wageni. Kila kigae kinachoondoka ni neno linalofutwa katika habari zetu, na anayenunua kilichofukuliwa kaburini Italia ni sawa na anayenunua kilichookotwa ufukwe wa Unguja Ukuu. Ukikuta kitu shambani au baharini, kiache, ipelekee habari idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale.

Mkono na tochi

Karatasi zikikaa sawa, ndipo ushike chombo. Kipindue kwanza. Waghushi huweka bidii kwenye picha, kitako hukisahau. Pete ya chini inapokaa mezani iwe imelika kwa kutumika, tena si sawasawa pande zote.

Kisha mulika ndani kwa tochi. Kuzi lililofinyangwa kwenye gurudumu lina mifuo ya vidole inayopanda kwa kuzunguka kutoka chini hadi shingoni, na kwa kawaida ndani hamkupakwa. Lililomiminwa katika kalibu ni laini ndani, na ukitazama vizuri utaona mshono.

Weusi wa vyombo vya Athens si rangi ya brashi tu. Ni udongo mwembamba sana uliochujwa, ukapakwa, kisha chombo kikachomwa mara moja kwa hatua tatu: hewa ikaingia, chote kikawa chekundu, hewa ikazibwa, chote kikawa cheusi, hewa ikafunguliwa tena, udongo wa mwili ukarudi wekundu lakini ile ngozi iliyokwisha kuziba ikabaki nyeusi. Wafinyanzi wetu wanaochoma uwanjani wanalijua jambo hili, ndiyo maana chungu kina baka jeusi pale moto ulipokosa hewa. Basi tafuta palipomeguka: weusi uwe mwembamba kama ganda la kitunguu juu ya udongo mwekundu au wa manjano. Na usiogope baka jekundu ubavuni. Mara nyingi ni pale vyombo viwili vilipogusana tanuuni, na mghushi haoni faida ya kulitia.

Kipo pia kipimo cha maabara kiitwacho themoluminesensi, kinachoeleza udongo umechomwa lini mara ya mwisho kwa unga kidogo uliotobolewa kitakoni. Ni gharama, na hakisemi lolote juu ya kipande ambacho hakikutobolewa. Chombo kinaweza kuwa na kitako cha kale na tumbo la jana. Kwa chombo kidogo sikioni kama kina haja.

Ushauri wangu wa kununua: anza na cheusi kisicho na picha, cha kusini mwa Italia, karne ya 4 KK. Bei yake ni ya simu nzuri, si ya gari, na hakighushiwi sana. Mimi nina sababu nyingine pia. Mpwa wangu aliponiona na skyphos aliniuliza, "Mjomba, hiki si chombo cha ulevi? Unakiwekaje nyumbani?" Nikamwambia kimekauka miaka 2,300, ninachokiweka ni kazi ya mikono ya mtu. Lakini swali lake nililichukua kwa uzito, na tangu hapo sinunui vyenye picha za miungu yao. Wewe utapima mwenyewe.

Adui ni chumvi

Mtu wa London hasumbuki na hili kama sisi. Chombo kilichokaa ardhini au baharini kimekunywa chumvi. Masika, hewa ya Pemba ikilowa, chumvi inayeyuka ndani ya udongo. Kaskazi likikausha, inaganda tena, inavimba na kuusukuma uso wa chombo nje. Nina kuzi dogo la Cyprus la karne ya 7 KK lenye duara ndani ya duara ubavuni. Mwaka wake wa pili kwangu niliona ungaunga mweupe kama sukari ya keki. Nikaufuta kwa kitambaa, kosa kubwa, na nusu ya duara moja ikaja na kitambaa.

Dawa ni kuloweka. Tumia ndoo ya plastiki, si ya bati. Maji ya kwanza yawe ya mvua yaliyokingwa moja kwa moja kutoka mbinguni, si ya mchirizi wa bati. Badilisha kila siku. Baada ya wiki hamia maji ya betri, na hapa soma kibandiko mara mbili: unataka maji yaliyotoneshwa, si asidi, na chupa zinafanana. Nunua kipimo kile kidogo cha namba wanachotumia mafundi wa mashine za kuchujia maji. Namba ya maji ikiacha kupanda kwa siku tatu mfululizo, chumvi imekwisha. Kuzi langu lilichukua siku 34. Kausha kivulini, taratibu, juu ya taulo. Usiloweke chombo kilichokarabatiwa kwa plasta, wala chenye rangi iliyopakwa baada ya kuchomwa, wala chenye nyufa zinazocheza.

Kikivunjika, usitie gundi ya papo kwa papo. Tumia Paraloid B-72, gundi ya mafundi wa makumbusho, iliyoyeyushwa kwa asetoni, kwa sababu anayekuja baada yako ataweza kuifungua.

Kasiki lenye ncha nimelikalisha juu ya ngata ya kamba ya kumbi ndani ya sanduku la mchanga mkavu uliooshwa chumvi, mbali na dirisha. Kila chombo kina namba, na namba ipo kwenye daftari pamoja na picha sita na nakala ya karatasi zake. Watoto wangu wanajua daftari lilipo.

Na unapokinyanyua, usishike masikio, hata kama yanaonekana imara. Mkono mmoja chini, mmoja ubavuni. Skyphos yangu, karibu na mguu, ina madoa manne mekundu yaliyopangana, ukubwa wa ncha za vidole. Ndipo mfinyanzi alipoishika alipokuwa akiichovya kwenye ule udongo mweusi, na udongo haukufika chini ya vidole vyake. Alikuwa na mkono mdogo kuliko wangu. Hapo sifuti kwa kitambaa wala brashi. Napuliza tu vumbi.