Kuabudu kimya kimya: unaanzaje kama kichwa chako hakitulii

Wengi tunapenda kuabudu pale kwaya ikiwepo na mtu anaongoza sala kwa maiki, ila ukiambiwa kaa mbele ya Ekaristi (ule mkate mtakatifu ambao sisi Wakatoliki tunaamini ni Yesu mwenyewe) saa nzima bila mtu kuongea unaona kama umepewa adhabu. Na mi nilikuwa hivyo hivyo, siku ya kwanza nilikaa dakika kumi nikatoka najifanya naenda kupokea simu.

Kwaiyo usianze na saa nzima, anza na robo saa. Chagua siku ambayo parokia yenu huwa wanaweka Ekaristi kwenye monstransi, kile chombo cha kuionyeshea watu, sehemu nyingi ni Alhamisi au Ijumaa ya kwanza ya mwezi, na kama hamna nenda tu mbele ya tabernakulo, kile kisanduku kanisani inapotunzwa Ekaristi, ile taa nyekundu ya pembeni ikiwaka ujue Yesu yupo. Simu izime kabisa, saileti haitoshi maana mtetemo wake mfukoni unausikia hadi kwenye mifupa. Ukiingia piga goti (kwetu wazee wanapiga yote mawili Hostia, yaani huo mkate wa Ekaristi, ikiwa wazi, we fuata wanavyofanya hapo kwenu) alafu kaa mbali na mlango.

Sasa hapa ndo pagumu. Dakika tano za mwanzo kichwa kitakuletea kila kitu, kodi, ada, yule mtu uliyegombana nae juzi, na ukianza kupigana na hayo mawazo umeisha. We mwambie Yesu hilo hilo, "Bwana, nawaza kodi," alafu rudisha macho kwenye Hostia, likirudi mwambie tena, hata mara ishirini. Kule Ars Ufaransa, enzi za Mtakatifu Yohane Maria Vianney, paroko wa pale, mkulima mmoja alikuwa anaenda kukaa tu mbele ya tabernakulo, akasema "namtazama naye ananitazama", basi, na maneno yake yapo mpaka kwenye Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, namba 2715. Jamaa hakuwa na kitabu cha novena wala nini.

Ukizidiwa shika Zaburi ya 131, ina mistari mitatu tu, inaongelea mtoto aliyetulia kwa mama yake. Soma mara moja, funga Biblia, kaa. Tatizo letu tunabeba rozari, litania, kitabu cha sala, tunamaliza saa nzima tukiongea sisi tu. Ukisinzia nako usijilaumu sana, mitume wenyewe walilala Gethsemane, kaa wima tu uendelee.

Ukishazoea sogeza hadi nusu saa, ambayo pia Kanisa limeiwekea rehema kamili (kufutiwa adhabu ya dhambi ulizokwisha kusamehewa) kwa masharti ya kawaida: kuungama, kukomunika, kusali kwa nia za Baba Mtakatifu na kuachana na kupenda dhambi.

Amani ya moyoni usiivizie. Mi sijawahi kuisikia nikiwa pale pale kwenye benchi, huwa naigundua baadae kwenye daladala, konda kanipunja chenji nikamdai bila kufoka nikajishangaa mwenyewe.

Kingine, kama umebaki peke yako na Ekaristi iko wazi usiondoke, haiachwi bila mtu, msubiri anayekuja. Alafu ukitoka usiwashe simu hapo hapo mlangoni, tembea kwanza mpaka getini.