Somo: Kupanga matumizi ya nyumba yenye mshahara mmoja na watoto wadogo

Somo hili linawahusu wazazi ambao nyumba yao inategemea kipato cha mtu mmoja, iwe mwenzake amebaki nyumbani kulea au bado anatafuta kazi. Nimeliandika kwa kuzingatia maisha ya Mombasa, ambako maji mara nyingi hununuliwa kwa mtungi, feni haizimwi usiku, na bei ya samaki hufuata upepo. Nyumba nyingi za aina hii hazifilisiwi na anasa. Huishiwa kwa sababu mshahara huingia mara moja kwa mwezi, ilhali anayenunua mahitaji huachiwa pesa kila asubuhi, na mwenye pesa ya siku hana budi kununua kipimo cha siku, ambacho bei yake ndiyo ya juu kuliko zote. Hatua zote zinazofuata zinajaribu kurekebisha jambo hilo.

Hatua ya kwanza: anzeni na kinachofika mkononi

Msipige hesabu kwa mshahara ulioandikwa katika barua ya kazi. Chukueni slipu na msome mstari wa mwisho. Kwa viwango vilivyotumika mwaka 2025, mwajiriwa wa shilingi 40,000 hukatwa asilimia 6 ya NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii (2,400), asilimia 2.75 ya bima ya afya (1,100) na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba (600), kisha kinachobaki hutozwa kodi ya mapato, ambayo baada ya kuondolewa nafuu ya 2,400 hufikia kama 3,150. Anachopokea ni takriban 32,700, na hiyo ndiyo bajeti yake.

Kwa kuwa makato ya bima hayasubiri, hakikisheni mapema kwamba mwenzi na kila mtoto wameorodheshwa chini ya mchangiaji katika SHA, mamlaka inayosimamia bima hiyo. Mtoto asiyeorodheshwa hugunduliwa siku anapolazwa, nayo si siku ya kuanza kutafuta nakala ya cheti cha kuzaliwa.

Hatua ya pili: gawanyeni matumizi kwa mwendo wake

Bajeti nyingi hugawanywa kwa majina ya vitu: chakula, kodi, nguo. Mimi napendelea kuzigawanya kwa wakati: kinacholipwa kila mwezi, kinachonunuliwa kila siku, na kinachokuja mara moja au mara chache kwa mwaka. Tuchukue, kwa mfano tu, familia ya Mikindani yenye mtoto wa PP2 (mwaka wa pili wa chekechea) na mwingine anayevaa nepi, baba akiwa mwajiriwa yule wa 40,000:

Kodi ya nyumba 8,000, maji 1,500, stima 700, gesi 2,000, vyakula vya stoo pamoja na sabuni 7,000, nauli ya kazini 2,600, nepi 1,200, sokoni 250 kwa siku, yaani 7,500, mfuko wa mwaka 1,500, dharura 700.

Jumla ni 32,700, na haikubaki hata senti. Kila familia itakuwa na tarakimu zake, ila ni vyema kutazama mahali pamoja: kati ya pesa zote, zinazohitaji kutoka kwa siku ni zile 7,500 za soko na zile 2,600 za nauli. Zilizobaki, zaidi ya theluthi mbili, zingeweza kulipwa au kutengwa katika siku mbili za kwanza baada ya mshahara, kabla hazijaanza kupungua zenyewe.

Hatua ya tatu: acheni kuacha matumizi ya kila asubuhi

Hapa ndipo penye kazi. Desturi ya baba kuacha mia tano juu ya meza anapotoka imezoeleka sana, na wengine huiona ndiyo njia ya kudhibiti pesa. Tuitazame kwa mfano wa mafuta ya kupikia. Ikiwa lita moja ni shilingi 300 na robo ya kupima ni 90, anayenunua robo nne amelipa 360 kwa mafuta yaleyale. Mchezo huohuo unarudi kwenye sukari ya kufungwa kwa karatasi, sabuni ya kukatwa kipande, makaa ya mkebe na unga wa kupima. Mama aliyeachiwa mia tano hakosei kununua hivyo. Hana namna nyingine. Akishatoa mahitaji mengine ya siku, pesa ya lita nzima haimbakii.

Utaratibu ninaoupendekeza ni kwamba mshahara unapoingia, wote wawili hukaa na daftari, hulipa kodi siku hiyohiyo, kisha huenda pamoja au humtuma mmoja wao kwenye duka la jumla kununua vyakula vya stoo vya mwezi mzima: unga, mchele, sukari, mafuta, majani ya chai, maharagwe, ndengu, chumvi na sabuni. Pesa ya soko hutolewa kwa wiki, siku moja inayojulikana, na anayepika ndiye anayeishika na kuipangia. Ikitumwa kwa simu, ni bora itumwe mara moja kwa wiki, kwani kutuma kila siku ni kulipa ada kila siku.

Vitunguu, viazi na nyanya vinafaa kununuliwa kwa wingi katika soko la Kongowea, lakini kwa anayekaa ng'ambo ya Makupa nauli inaweza kula faida yote. Majirani watatu wakichanga neti moja ya vitunguu na kukodi tuktuk moja, hesabu inakubali. Nyanya msizinunue za zaidi ya siku nne, kwa sababu joto letu halina huruma.

Kuhusu kitoweo, fuateni bahari. Kusi inapovuma, takriban Aprili hadi Septemba, vyombo vidogo hushindwa kutoka na samaki hupanda bei; miezi hiyo ni ya maharagwe, kunde, dagaa na mbaazi za nazi. Kaskazi ikirudi kuelekea mwisho wa mwaka, samaki hushuka na jikoni hubadilika. Nyumba inayong'ang'ania samaki wa shilingi ileile mwaka mzima hujikuta ikipunguza vipande hadi watoto wanagombea kichwa.

Hatua ya nne: maji, moto na stima

Tengeni maji ya chumvi ya kisima kwa kufulia, kudekia na choo, na maji matamu kwa kupikia na kunywa. Mkiwa na pipa lenye kifuniko, lijazeni siku mfereji unapotoka. Siku maji yanapokatika, bei ya mwenye mkokoteni hupanda kabla ya saa nne.

Gesi ipimwe mbele yenu. Uzito wa mtungi mtupu umepigwa chapa juu ya mtungi wenyewe, hivyo mtungi wa kilo 13 ukiwekwa kwenye mizani ni lazima uonyeshe uzito huo kuongeza 13. Muuzaji anayekataa kupima ameshajibu swali lenu. Maharagwe yalowekwe usiku kucha kabla ya kubandikwa.

Stima ya majumbani hutozwa kwa ngazi: mwenye wastani usiozidi uniti 30 kwa mwezi hulipa bei nafuu kwa kila uniti, wa kuanzia 31 hadi 100 hulipa bei ya kati, na anayepita 100 hulipa bei ya juu, na wastani huo huhesabiwa kwa miezi mitatu. Feni ya wati 50 ikifanya kazi saa kumi kila usiku hutumia nusu uniti, yaani 15 kwa mwezi, ambayo tayari ni nusu ya ngazi ya chini. Feni siishauri izimwe, kwani mtoto asiyelala kwa joto humgharimu mzazi kuliko stima. Kinachofaa kuangaliwa ni koili ya kuchemshia maji na pasi: kila kimoja, kikiwa cha wati 1,000, humaliza uniti nzima kwa saa moja. Sare zipigwe pasi mara moja kwa wiki. Walio katika nyumba za vyumba, ambako mwenye nyumba hutoza stima kwa kila kichwa, hawana la kuokoa hapa isipokuwa kuomba mita ndogo.

Hatua ya tano: mfuko wa mwaka

Shilingi 1,500 kwa mwezi huwa 18,000 kwa mwaka. Katika familia yetu ya mfano nimezigawa hivi: michango ya shule na ada ya chuo cha Kurani 9,000, sare na viatu 4,000, Ramadhani na Idi 5,000. Wakristo waweke Krismasi hapo, hesabu haibadiliki.

Kuna jambo ambalo familia za Kiislamu zinapaswa kulitazama tangu sasa. Ramadhani huja mapema zaidi kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2026 inaangukia kuanzia katikati ya Februari, na kufikia 2028 itaanza mwishoni mwa Januari, wiki chache tu baada ya shule kufunguliwa. Sare na vitabu, kisha tende, tambi na unga wa kaimati, kisha kanzu na magauni ya Idi, vyote vitatoka katika mishahara miwili mitatu ya mwanzo wa mwaka. Mfuko huu ukianza kujazwa Machi, unawahi. Uwekwe kwenye akaunti isiyotolewa kwa kubonyeza simu mara mbili, na ikiwezekana katika sako (chama cha akiba na mikopo) ya kazini.

Hatua ya sita: mambo yakibana

Punguzeni kwanza vifurushi vya data, viazi karai na mishkaki ya jioni, na nguo za kulipa mdogo mdogo. Maziwa, uji na kitoweo cha watoto visiguswe. Fuliza, yaani mkopo wa haraka wa M-Pesa, ikitumika, ikumbukwe kwamba pesa ya kwanza itakayoingia kwenye laini hulipa deni hilo kabla yenu.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Mume wangu ni kibarua, leo anapata na kesho anakosa. Sisi hatuna mshahara wa kukaa nao na daftari. Tufanyeje? (Mama wa watoto watatu, Likoni)

Marahaba, mwanangu. Chukueni mapato ya wiki mbaya kuliko zote mnazozikumbuka katika miezi ya karibuni, mfanye hiyo ndiyo bajeti ya chakula. Kodi nayo igawanywe kwa siku za kazi: ya 6,000, kwa mtu anayepata kazi siku ishirini, ni 300 kila siku anayopata, na itolewe kabla pesa haijafika dukani. Wiki nzuri ikija, ziada inunue unga na mafuta ya wiki inayofuata. Kuhusu nauli, kwa kuwa kivuko hakimtozi mtu anayevuka kwa miguu, linganisheni kazi za kisiwani na za upande wenu kwa hesabu hiyo.

Nimemwambia mume wangu kuhusu matumizi ya wiki, akasema nikipewa pesa nyingi zitaisha Jumatano. (Mwanachama, Kisauni)

Dada, usibishane naye kuhusu wiki nzima. Mwombe bidhaa moja, mafuta ya kupikia kwa mfano, ainunue yeye mwenyewe ya mwezi mzima, kisha mwandike pamoja ilikuwa ngapi mlipokuwa mkinunua ya kupima. Tofauti ikionekana kwenye karatasi, mwezi unaofuata ongezeni sukari. Hofu yake pia isidharauliwe, kwa kuwa wiki ya kwanza pesa huisha mapema kweli, hadi mkono uzoee.

Chama chetu cha kina mama kinachanga 500 kila wiki na kupeana kwa zamu. Ni akiba hiyo, au ni kuzungusha tu? (Mwanachama, Bombolulu)

Inategemea zamu yako, bi. Ukipokea Juni bila shughuli maalumu, pesa hugeuka kabati jipya la vyombo. Omba zamu ya Desemba, na mkubaliane waziwazi kwamba mwenye watoto wa shule apewe nafasi hiyo. Ila 500 kwa wiki ni zaidi ya 2,000 kwa mwezi, kwa hiyo kwa familia ya mfano wetu ingekuwa ndiyo mfuko wa mwaka wenyewe pamoja na sehemu ya dharura. Msiwe na vyote viwili.

Nimepata kazi ya dukani mjini ya 20,000. Mtoto ana miezi minane. Je, nitoke? (Mama, Mtopanga)

Tuihesabu. Baada ya NSSF, bima na ushuru wa nyumba utapokea 17,950, na kodi ya mapato haitakugusa kwa kiwango hicho. Ondoa nauli ya 100 kwa siku 26, chakula cha mchana cha 100, na mama wa kulea watoto kwa 150, utabaki na 8,850. Ondoa tena maziwa na nepi za ziada, tuseme 2,500. Kinachoingia nyumbani ni 6,350, si 20,000. Mimi ningeikubali ikiwa kazi ina dalili ya kupanda cheo; ikiwa si hivyo, ningelinganisha kwanza na unachoweza kupata kwa kuuza mahamri asubuhi mlangoni.

Watoto wananimaliza kwa pesa za mabuyu na barafu. (Baba, Majengo)

Wape siku mbili za wiki, na wazijue.

Wazazi wangu wako bara na hupiga simu kila baada ya siku chache kuomba kidogo kidogo. Siwezi kuwanyima. (Baba wa watoto wawili, Changamwe)

Wala usiwanyime, ndugu yangu. Waingize katika orodha ya mwezi, wapate mstari wao kama kodi ilivyo na wake, kisha uwapigie wewe kabla hawajakupigia, uwaambie ni kiasi gani kitafika na tarehe ngapi. Ikiwa ni 1,500, zitume mara moja kwa tarehe hiyo. Mkeo aone mstari huo katika daftari tangu mwanzo, ili ikitokea dharura ya hospitali kule bara, mjadala uwe wa dharura hiyo peke yake.