Jinsi ya kuangalia muvi za michepuko na wivu wa kichaa, uache kukodolea kitanda

Tusidanganyane, wengi tunaanza hizi muvi kwa sababu ileile. Enzi zangu za kibanda umiza jamaa wa deki ikifika sini ya chumbani anapeleka mbele fasta kwa sababu kuna watoto, watu wanapiga miluzi wanadai hela yao, afu picha ikirudi sawa mtu kashakufa na hujui kafaje. Kwa hiyo miaka mingi mi nilikuwa naijua Fatal Attraction kama ile muvi ya sungura, basi. Nimekuja kuiangalia vizuri nikiwa na mke na nyumba ndo nikashtuka, kumbe kitandani hamna stori kabisa, stori iko jikoni, iko kwenye simu, iko kwenye taa ya mezani. Sa ntakwambia mimi naziangaliaje siku hizi.

Kwanza maandalizi. Usiangalie na mama mkwe, usiangalie sebuleni watoto wakiwa macho, hizi ni za 18 na kuendelea na hamna mjadala. Tafuta kopi kamili maana kuna nyingine zimekatwakatwa hadi mtu anaingia mlangoni na shati afu anatoka na koti. Na ile iliyotafsiriwa na dijei achana nayo kwa leo. Madijei wetu nawakubali sana, kwenye muvi ya ngumi wanaongeza utamu, ila hizi zinaishi kwenye ukimya, mtu anakaa sekunde kumi anaiangalia simu bila kuongea, sa dijei akiona kimya anakijaza na utani na sini imekufa hapo. Weka maandishi ya chini, zima taa, simu yako iweke mbali kidogo.

Anza na Fatal Attraction ya 1987, mwongozaji Adrian Lyne. Michael Douglas ni mwanasheria New York, mke na mtoto wameenda kwa wazazi wa mke wikendi, yeye anajikuta na Alex, ambaye ni Glenn Close. Wikendi moja tu. Jamaa anadhani imeisha hapo, na hapa ndo uanze kuangalia vitu. Simu ya nyumbani ni ya waya, haina jina la anayepiga, haina sailenti, yani ikilia mke anaweza kuipokea kabla yako na hauna cha kufanya. Kila ikilia mtazame Douglas usoni, usimtazame anayeongea. Afu kuna sini Alex amekaa chini peke yake, muziki wa opera Madame Butterfly unapiga, anawasha taa anazima, anawasha anazima, huku jamaa yuko na washkaji anacheka. Hamna damu hamna kelele ila mwili unasisimka kuliko sini zote za visu. Huyo mwanamke ameachwa na hana wa kumwambia, ndo sini inachosema, na ukiikosa hiyo utabaki unamwona ni chizi tu kama watu wengi wanavyomwona.

Ile ya sungura nayo iangalie inavyokatwa. Mama anaingia jikoni anakuta sufuria inachemka na yeye hajabandika kitu, mtoto anakimbia bustanini kwenye kibanda cha sungura wake, picha inarukaruka kwa mama, kwa mtoto, kwa mama, hadi mfuniko unafunuliwa na mtoto anapiga yowe karibu wakati mmoja. Sungura mwenyewe unamwona kidogo sana. Kazi yote umefanyiwa na sufuria, kitu ambacho hata wewe kipo jikoni kwako.

Baada ya hapo rudi nyuma kabisa, Double Indemnity ya 1944 ya Billy Wilder. Usiogope kwamba haina rangi. Hollywood kuanzia 1934 walikuwa na kanuni kali, kitanda huonyeshi, zinaa huwezi kuiacha iishie raha, kwa hiyo Wilder akafanyaje, jamaa wa bima anaenda kwa mteja, mke wa mteja anashuka ngazi na kamera inashuka na mguu wake, mguuni kuna kikuku. Basi. Kikuku tu na jamaa kashapotea, kaanza kupanga kumuua mume wa mtu. Hapa kwetu wala huhitaji maelezo, sote tunajua maneno yanayosemwa mtaani dada akivaa kikuku, mengine ya uongo mtupu lakini yanasemwa. Mimi naona hiyo sini ina joto kuliko Basic Instinct nzima, na Basic Instinct ya 1992 ilibidi wapunguze vipande ndo wakapewa daraja la kuonyeshwa kumbi za kawaida Marekani. Ni nzuri kwa mafumbo ya polisi ila kama somo la usaliti haina kitu, pale hamna ndoa ya kuvunja.

Ukishazoea jicho hilo ndo uweke Unfaithful, 2002, Lyne tena, imetokana na muvi ya Ufaransa ya Claude Chabrol ya 1969. Diane Lane ni mke wa Richard Gere, ndoa haina shida yoyote, mume mwema, mtoto mmoja, nyumba nzuri nje ya jiji. Siku ya upepo mkali anaenda mjini, anagongana na kijana muuza vitabu, wanaanguka wote, goti linachubuka. Kila kitu kinaanzia kwenye goti. Sa sini ya kurudia ni ya treni. Katoka kulala na kijana kwa mara ya kwanza, amekaa kwenye siti anarudi nyumbani, anatabasamu, anajishika, anakaribia kulia, anacheka tena, aibu inampanda, na kile kilichotokea chumbani unakiona vipandevipande kupitia uso wake. Wabongo wengi wanapeleka mbele wafike kwenye vipande vyenyewe. Fanya kinyume, ziba vipande kwa mkono kama yule jamaa wa deki afu uangalie uso tu. Lane alipewa nominesheni ya Oscar kwa muvi hii na ukiangalia hivyo huulizi kwanini.

Kingine, tazama mume anajuaje. Kuna tufe la kioo la theluji, lile la kutikisa, mume alimpa mke wake zawadi. Siku anaenda kumwona huyo kijana anaongea naye kistaarabu kabisa, hadi analiona lile tufe kwenye chumba cha mtu. Gere hapigi kelele, anaumwa, anashika kichwa kama mtu wa malaria. Mwanaume anaweza kumeza habari ya mwili, ile ya zawadi yake kugawiwa ndo inamuua, na baada ya hapo anaua yeye.

Zingine kwa haraka. Body Heat ya 1981, Florida, joto kali watu wanavuja jasho muvi nzima, mwanaume anapigwa akili hadi huruma, iangalie ukiwa Dar mwezi wa kwanza feni imekufa utaielewa kwa ngozi. Obsessed ya 2009 yenye Idris Elba na Beyoncé ni nyepesi, pale mume hajachepuka kabisa, kwa hiyo uoga wenyewe haupo, unasubiri tu mke apigane na mwanamke anayemng'ang'ania mumewe, kule darini. Ngumi zipo. Deep Water ya 2022 ya Lyne huyohuyo, mume anafuga konokono, mwangalie na konokono zake.

Jambo la mwisho la kufanya ni kuuliza nani kapewa adhabu na nani kaamua. Fatal Attraction mwanzo iliisha kivingine, Alex anajiua kwa kisu chenye alama za vidole vya jamaa na polisi wanakuja kumchukua jamaa. Wakawaonyesha watazamaji wa majaribio, hawakuipenda, walitaka mwanamke apigwe, Glenn Close mwenyewe akapinga lakini ikapigwa upya, ndo hiyo ya bafuni na mke anashika bastola. Mwisho wa kwanza unapatikana, utafute uangalie zote mbili usiku mmoja, na mume aliyeanzisha yote uone kila mwisho unamwacha wapi.

Na Unfaithful, kama hujaiona ishia kusoma hapa. Ukiiweka usizime mapema. Gari limesimama kwenye taa nyekundu usiku, mke na mume ndani, mtoto kalala nyuma, pembeni kuna kituo cha polisi. Mke ananong'ona waondoke, wahame nchi, waanze upya. Taa inakuwa kijani, inarudi nyekundu, gari halijatoka. Wife wangu anasema Gere anaingia kituoni kujisalimisha, tena sekunde hiyohiyo. Mi nasema anakanyaga mafuta. Tumeiangalia mara tatu na bado hatujakubaliana, mara ya mwisho aliniuliza mbona mimi kila siku namtetea akimbie.