Kuandaa na Kuonja Chai za Aina Mbalimbali Nyumbani: Kikombe Kimoja Kando ya Kingine

Chai nyeusi, ya kijani, nyeupe, ya ulongi na ya Pu'er zote hutokana na mmea mmoja, Camellia sinensis, ambao una jamii mbili zinazolimwa kwa wingi: ile ya majani madogo iitwayo sinensis na ile ya majani mapana iitwayo assamica. Jamii ya mmea, udongo na msimu vina mchango wao, lakini tofauti kubwa tunazozionja kati ya aina hizo hutokana zaidi na namna jani linavyotendewa baada ya kuchumwa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kuzitambua tofauti hizo kwa ulimi wake mwenyewe, akiwa jikoni kwake. Nimeonja chai kwa utaratibu huu kwa miaka mingi, na hakuna kilichonifundisha upesi kama kuweka vikombe viwili ubavu kwa ubavu huku kila kitu kikiwa sawa isipokuwa kimoja. Chai inayonyweka peke yake humfanya mtu aseme kwamba ni nzuri au si nzuri, akaishia hapo. Ikiwekwa kando ya nyingine, humlazimu aeleze sababu.

Hatua ya kwanza: Kukusanya vyombo

Utahitaji mizani ya dijitali inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu, kipimajoto cha jikoni, saa yenye king'ora, chujio, na vikombe vitatu au vinne vinavyolingana kwa ukubwa na unene. Vikombe hivyo viwe vyeupe kwa ndani, la sivyo hutaweza kulinganisha rangi ya chai. Epuka chombo cha udongo ambacho hakijatiwa mng'ao, kwa kuwa vitundu vyake hunyonya harufu ya chai ya jana na kuirudisha katika chai ya leo.

Mizani ndiyo isiyoweza kukosekana, kwani kijiko hakifai kupimia majani. Nilipoanza, nilipima kila chai kwa kijiko kimoja kilichojaa, na kwa muda mrefu niliandika katika daftari langu kwamba chai nyeupe ni nyepesi na haina ladha. Siku nilipoamua kukipima kijiko hicho, nilikuta kwamba kijiko cha chai nyeusi ya chembe ndogo kinakaribia gramu 3, ilhali kijiko kilekile cha chai nyeupe yenye majani mazima hakifiki hata gramu 1. Nilikuwa nimelinganisha uzito na wala si chai, na ilinibidi nizionje upya zote.

Hatua ya pili: Kuchagua maji

Chai iliyomo kikombeni ni maji kwa zaidi ya asilimia 98, kwa hiyo maji mabaya hayana majani ya kuyaokoa. Maji magumu, yaani yenye kalisi na baikaboneti nyingi, huungana na polifenoli za chai, yaani kemikali za jani zinazoleta ukakasi, na kufanya utando mwembamba juu ya kikombe, na hufifisha mng'ao wa chai nyeusi. Maji yaliyoondolewa madini yote nayo hutoa chai inayopwaya mdomoni. Maji yanayofaa zaidi ni yale yenye madini kiasi, yasiyo na harufu ya klorini. Na zoezi lako la kwanza kabisa liwe kuandaa chai ileile kwa maji ya aina mbili, kwa mfano ya bomba na ya kuchujwa, na kuvitazama vikombe vyote viwili kabla hata ya kuvionja.

Zingatia pia mwinuko wa mahali ulipo. Kiwango cha kuchemka kwa maji hupungua kwa takriban digrii 1 ya Selsiasi kwa kila mita 300 juu ya usawa wa bahari, hivyo katika mwinuko wa mita 1,500 maji huchemka yakiwa na digrii 95 hivi. Anayeishi huko aipe chai nyeusi muda mrefu kidogo zaidi. Chai ya kijani haitamletea tatizo lolote, kwa kuwa haihitaji maji yanayochemka.

Hatua ya tatu: Kuweka kipimo cha kuanzia

Shirika la Kimataifa la Viwango lilichapisha mwaka 1980 kiwango cha ISO 3103, kilichorekebishwa mwaka 2019, kinachoeleza namna ya kuandaa chai kwa ajili ya kuionja: gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yaliyochemka, katika chombo cha kauri chenye kifuniko, kwa dakika 6. Mtu anayekifuata kwa mara ya kwanza hushtuka, kwa sababu chai hutoka ikiwa kali mno. Hilo linaeleweka, kwa kuwa lengo la kiwango hicho ni kuwapa waonjaji chai iliyoandaliwa kwa namna moja, ambayo kasoro zake haziwezi kujificha.

Kwa matumizi ya nyumbani mimi huchukua gramu 3 kwa mililita 150 ninapotaka kuichunguza chai, na gramu 2 kwa mililita hizohizo ninapotaka kuinywa. Chagua kipimo kimoja, kiandike, na usikibadilishe mpaka umalize mfululizo mzima wa mazoezi. Maji yamiminwe juu ya majani yaliyo wazi ndani ya chombo, kisha yachujwe muda ukiisha. Majani yaliyobanwa ndani ya kichujio kidogo hayapati nafasi ya kufunguka.

Hatua ya nne: Kuonja

Anza na majani makavu. Yatie katika kikombe kilichopashwa moto kwa maji ya moto na kumwagwa, funika kwa nusu dakika, kisha funua na unuse. Baada ya kuchuja, nusa majani yaliyolowa, kwa maana hapo ndipo harufu huwa kali kuliko wakati mwingine wowote, na harufu ya moshi, ukungu au kuungua hujitokeza waziwazi. Tazama rangi ya maji na uangavu wake. Ndipo usubiri. Chai iliyo moto mno huunguza ulimi na kuficha ladha. Isitoshe, mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliviorodhesha vinywaji vya moto sana, yaani vyenye zaidi ya digrii 65, miongoni mwa vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Mimi huonja chai ikiwa na digrii 50 hadi 55, na huirudia ikiwa vuguvugu, kwa sababu kasoro nyingi hujitokeza chai inapopoa.

Chota kwa kijiko, kisha ivute kwa nguvu pamoja na hewa mpaka isikike, ili itawanyike mdomoni mithili ya rasharasha na mvuke wake upande puani kupitia nyuma ya koo. Umuhimu wa njia hiyo ya puani utaujua ukibana pua, ukaonja, kisha ukaiachia: harufu yote ya maua, matunda au nyasi huingia ghafla, na unatambua kwamba ulichokuwa ukikiita ladha kwa sehemu kubwa kilikuwa harufu. Zungusha funda mdomoni mwote. (Mchoro unaogawa ulimi katika maeneo ya utamu, uchachu na uchungu hauna ukweli, sehemu zote zenye vionjio huzitambua ladha zote.) Ukionja vikombe vingi, tema chai kila baada ya funda, la sivyo kafeini itakunyima usingizi.

Jambo linalowatatiza wanaoanza kuliko yote ni kutofautisha uchungu na ukakasi. Kiswahili kinatupa maneno mawili yaliyo wazi, nasi tuyatumie ipasavyo. Uchungu ni ladha. Ukakasi ni mguso, ile hali ya ulimi na mashavu kukauka na kukwaruza kama mtu aliyetafuna ndizi mbichi, na husababishwa na polifenoli kushikana na protini za mate na kuyaondolea utelezi wake. Ili uuone ukakasi peke yake, andaa chai nyeusi kwa dakika 8, igawe katika vikombe viwili, kisha tia kijiko cha maziwa katika kimoja na kijiko cha maji ya moto katika kingine. Kaseini, protini ya maziwa, hushikana na polifenoli hizo kabla hazijafikia mate yako, na utahisi kikombe chenye maziwa kimelainika kwa kiasi ambacho maji hayawezi kukieleza. Hiyo pia ndiyo sababu maziwa na sukari visitiwe katika chai inayochunguzwa mpaka uamuzi uwe umeandikwa.

Hatua ya tano: Kuchunguza joto kwa chai ya kijani

Chai ya kijani hutengenezwa kwa kulipasha jani joto mapema, kwa mvuke kama ilivyo desturi ya viwanda vya Japani au katika karai kama ilivyo kwa chai nyingi za Uchina, ili kuvizima vimeng'enya vinavyolifanya jani liungane na oksijeni na kubadilika rangi. Kwa hiyo katekini zake, ambazo ni aina ya polifenoli, hubaki karibu zote, nazo ndizo chanzo kikubwa cha uchungu na ukakasi. Katekini na kafeini huyeyuka kwa wingi zaidi kadiri maji yanavyozidi kuwa moto, ilhali theanini na asidi amino nyinginezo, zinazoleta utamu mzito kama wa mchuzi, huyeyuka vizuri hata katika maji yaliyopoa. Joto la maji basi linaamua ni kundi lipi litakalotawala kikombe.

Andaa vikombe vitatu vya chai moja ya kijani, gramu 3 kwa mililita 150, kwa dakika 2 kila kimoja: cha kwanza kwa digrii 60, cha pili kwa digrii 80, cha tatu kwa maji yanayochemka. Vionje kwa mpangilio huo, kutoka kwenye baridi kwenda kwenye moto, kwa sababu ukakasi wa kikombe cha tatu ukikutangulia hutaweza tena kukisikia cha kwanza. Watu wengi wanaosema hawaipendi chai ya kijani wanakijua kikombe cha tatu tu. Chai za gyokuro za Japani, zinazofunikwa kivuli shambani kabla ya kuchumwa, hufaa hata katika digrii 50 hadi 60. Sencha, chai ya kijani ya kawaida ya Japani, katika digrii 70 hadi 80. Na chai nyingi za kijani za Uchina, kama Longjing, katika digrii 80 hivi. Asiye na kipimajoto anaweza kuyahamisha maji kutoka chombo kimoja baridi hadi kingine: kila uhamisho huyapunguzia digrii 5 hadi 10, kutegemea unene wa chombo.

Zoezi hili lina mwendelezo wake katika jokofu. Tia gramu 8 hadi 10 za chai hiyohiyo katika lita 1 ya maji baridi, acha usiku kucha, kisha chuja. Utapata chai yenye utamu na uchungu mdogo sana.

Hatua ya sita: Kupita katika aina nyingine

Chai nyeusi hunyaushwa, huviringishwa au kukatwakatwa, kisha huachwa iungane na oksijeni mpaka katekini nyingi zigeuke kuwa theaflavini, zinazoipa mng'ao wa dhahabu na ule ukali unaochangamsha mdomo, na thearubigini, zinazoipa wekundu na uzito. Inahitaji maji yanayochemka. Kinachofaa kubadilishwa hapa ni muda: dakika 2, 4 na 6. Zingatia kwamba chembe ndogo, kama za chai nyingi ya Kenya, hukolea upesi kuliko jani zima, hivyo usizilinganishe kwa dakika sawa ukadhani umelinganisha ubora. Chai nyeusi nzito ikipoa inaweza kupoteza uangavu wake. Hiyo si kasoro, ni kafeini na polifenoli zilizoshikamana.

Chai ya ulongi huachwa iungane na oksijeni kwa sehemu tu, na sehemu hiyo hutofautiana sana, kutoka Tieguanyin nyepesi yenye harufu ya maua hadi zile za milima ya Wuyi nchini Uchina zilizokaushwa kwa makaa. Hii ndiyo chai ninayompa mtu anayetaka kujifunza kunusa. Tumia gramu 5 kwa mililita 100, maji ya digrii 95, na uchuje baada ya sekunde 20. Kisha mimina maji mengine juu ya majani yaleyale, mara tano au sita, ukiongeza sekunde chache kila mara. Vikombe vyake havifanani: harufu hutangulia, uzito hufuata katikati, na mwishoni hubaki utamu mwepesi.

Chai nyeupe hunyaushwa na kukaushwa tu. Ipe digrii 85 na dakika 4 au 5. Pu'er, itokayo mkoa wa Yunnan nchini Uchina, huivishwa na vijidudu, ama polepole kwa miaka mingi ama kwa njia ya haraka iliyoanzishwa katika miaka ya 1970; isuuze kwa maji yanayochemka kwa sekunde chache, mwaga, kisha endelea kama kwa ulongi. Matcha ni jani la chai ya kijani lililosagwa na kunywewa lote, hivyo haichujwi: chekecha gramu 2, tia mililita 70 za maji ya digrii 80, na uipige mpaka itoe povu.

Hatua ya saba: Kujipima bila kuona

Ukishakuwa na kurasa kadhaa katika daftari, mwombe mtu akuandalie vikombe vitatu bila wewe kuona, viwili vikiwa na chai moja na cha tatu kikiwa na tofauti moja, tuseme dakika 3 badala ya dakika 4. Onja ukiwa umefumba macho, ili rangi isikusaidie, na utaje kikombe kilicho tofauti. Mtu anayebahatisha hupatia mara 1 kati ya 3, kwa hiyo jibu sahihi la mara moja halithibitishi kitu. Lakini kupatia mara nne mfululizo kwa kubahatisha hutokea mara 1 tu kati ya 81. Ukifika hapo, punguza tofauti: sekunde 30, kisha digrii 5 za joto, kisha chai mbili za aina moja kutoka mashamba mawili. Ukishindwa, rudi kwenye tofauti uliyoiweza, na ujaribu tena siku nyingine asubuhi, kabla ya kula.