SOMO: Kukata tundu la feni kwenye kesi ya chuma ya kompyuta bila kuiharibu

Naandika mara moja hapa ili inboksi yangu ipumue. Ukiniuliza tena, nitakurudisha huku.

1. Toa kila kitu ndani ya kesi. Nikisema kila kitu, mazabodi (ile bodi kuu ya kompyuta) imo.

2. Pima nafasi upande wa ndani. Feni nyingi zina unene wa mm 25.

3. Bandika tepu ya karatasi pande zote mbili, uchore juu yake. Feni ya mm 120 haikatiwi tundu la mm 120! Skrubu zake zimeachana mm 105. Chora mraba wa mm 105, unganisha kona kwa kona; mistari inapokutana ndipo katikati. Duara liwe na kipenyo cha mm 114 hivi. (Skrubu za feni ya mm 80 zimeachana 71.5, za mm 140, 124.5.)

4. Gonga nukta kwa sentapanchi (kile kichuma chenye ncha cha kutia alama), la sivyo ncha ya drili itateleza. Toboa matundu ya skrubu, mm 4.5, na la katikati.

5. Kukata. Kesi yangu ya kwanza niliishika kwa mkono ukingoni mwa meza, msumeno wa tundu (kile kikopo chenye meno) kwenye drili, kasi ya mwisho. Ulienda vizuri, nikaanza kujisifu. Ulipotokeza upande wa pili meno yakanasa, bamba likanichomoka na kuzunguka kama pangaboi. Vidole vilipona, ila bamba lilijikunja na halikufunga tena. Bamba la kesi huwa na unene wa milimita moja au pungufu, na nafasi kati ya jino na jino ni kubwa kuliko hapo. Jino linadumbukia, halafu linavuta.

Kwa hiyo bamba libane katikati ya plaiwudi mbili, ukaze klampu kila upande. Plaiwudi ya juu itoboe kutokea chini, kupitia lile tundu la katikati, usije ukapoteza alama. Kasi iwe ndogo kabisa, tone la oili ukifikia chuma, na USIKANDAMIZE. Mlio ukibadilika, legeza mkono. Miwani vaa, glavu vua: drili ikinasa glavu inaondoka na mkono. Glavu ni za baadaye, ukishika kingo.

6. Tupa ya nusu duara, msasa, rangi kwenye chuma kilichobaki wazi, mpira wa kingo.

MASWALI

Mgeni07: Mkuu, feni ya 120 nikate tundu la ngapi?
— Hatua ya 3.

Bitibolti: Mbona mimi nilitumia grenda, dakika mbili tu kazi imekwisha?
— Tuwekee picha. Diski ya grenda inakata mstari ulionyooka, kwa hiyo duara lako lina pembe. Na cheche zimeng'ang'ania kwenye rangi, pitisha kidole uone.

Mgeni07: Kutoa mazabodi ni lazima? Nimeifunika na gazeti.
— Kama umeshakata, usiwashe. Chenga moja ya chuma katikati ya pini mbili inatosha kuiunguza. Itoe, ipulize, ipige brashi, kisha tuongee.

Nyuzijoto: Sina msumeno wa tundu ila nina jigso (ule msumeno wa umeme wa wembe mwembamba unaopanda na kushuka). Itafaa? Na kwa nini tusitoboe tu matundu mengi madogo?
— Maswali mazuri haya. Jigso inafaa sana: weka wembe wa kukatia chuma wenye meno 24 au zaidi kwa inchi, toboa tundu la kuanzia ndani ya duara, na usiache kubana kwenye plaiwudi. Matundu madogo yanapitisha hewa, lakini chuma kinachobaki katikati yake kinaizuia na feni inapiga kelele zaidi. Tundu moja wazi lenye wavu wa waya ni bora.

Nyuzijoto: Asante mkuu. Nami nichangie: chenga naziokota kwa sumaku niliyoivisha mfuko wa plastiki. Nikimaliza naugeuza mfuko nje ndani, zinabaki humo.
— Hii naiiba. Ila kesi ya alumini haitakubali, hapo ni brashi na tepu.

Mgeni07: Sumaku ya spika inafaa?
— Inafaa. Mazabodi umeshaitoa?