Jinsi ya Kupanga Kalenda Sambamba ya 1918: Besiboli ya Marekani na Vita Kuu

Kalenda sambamba ni karatasi moja inayokuonyesha, wiki kwa wiki, kilichokuwa kikitendeka uwanjani na kilichokuwa kikitendeka duniani. Kwa kazi hii mwaka 1918 unafaa kuliko miaka mingine ya mwanzo wa karne, maana mwaka huo vita havikupita kando ya besiboli, bali viliingia ndani ya ratiba vikaikata. Ligi ilifungwa Septemba 2, na fainali za World Series, ambazo kwa kawaida ni za Oktoba, zikamalizika Septemba 11. Anayejua sababu ya jambo hilo ameshika nusu ya mwaka mzima.

Kazi yote inategemea sharti moja: mshale wa "hili lilisababisha lile" chora tu pale penye amri, barua au tangazo lililoandikwa. Tarehe mbili kukaribiana hakuthibitishi kitu.

Karatasi na vipimo

Chukua karatasi ya manila ya ukubwa wa A1, yaani sentimita 59 kwa 84, uisimamishe kwa urefu. Gawa upana wake hivi: tarehe sentimita 7, uwanjani 17, duniani 17, Afrika Mashariki 11, ushahidi 6. Kichwa cha juu kipe sentimita 4.

Safu za wiki ni 53, si 52. Januari 1, 1918 ilikuwa Jumanne. Ukianza wiki Jumatatu, safu ya kwanza inaanza Desemba 31, 1917, na ya mwisho inaanza Desemba 30, 1918. Kila safu ipe sentimita 1.2. Kisha ongeza sentimita 2.4 kwa wiki tano zilizojaa mambo: zile zinazoanza Mei 20, Julai 15, Septemba 2, Septemba 9 na Novemba 11. Jumla inafika sentimita 79.6, na karatasi inatosha bila kubana maandishi. Ukizipa wiki zote urefu sawa, Septemba haitaenea na Februari itabaki tupu.

Kuhakiki siku za wiki, tumia kalenda ya 2019. Siku zake zinalingana na za 1918 moja kwa moja, kuanzia Januari hadi Desemba. Uhakiki huu unanasa makosa mengi kuliko unavyodhani. Kwa mfano, sheria ya Massachusetts wakati huo ilikataza mechi za ligi siku ya Jumapili. Ukijikuta umeandika mechi ya Boston Red Sox nyumbani siku ya Jumapili, tarehe yako imeteleza, na mara nyingi imeteleza kwa siku moja, kwa sababu gazeti la asubuhi huripoti mechi ya jana. Andika tarehe ya mchezo, wala si ya gazeti.

Safu ya uwanjani

Anza na uti wa mgongo wa msimu. Red Sox walifungua Aprili 15 dhidi ya Philadelphia, mrushaji (anayemrushia mpigaji mpira) akiwa Babe Ruth. Walimaliza kileleni mwa American League, moja ya ligi kuu mbili, kwa ushindi 75 na vipigo 51. Chicago Cubs waliongoza National League kwa 84 na 45. Ukijumlisha unapata 126 na 129, wakati msimu kamili ulikuwa wa mechi 154. Pengo hilo liandike kwa wino mwekundu, ndiyo alama ya vita ndani ya jedwali la ligi.

Fainali zenyewe zipange mechi kwa mechi:

Septemba 5, Chicago: Boston 1, Cubs 0
Septemba 6, Chicago: Cubs 3, Boston 1
Septemba 7, Chicago: Boston 2, Cubs 1
Septemba 9, Boston: Boston 3, Cubs 2
Septemba 10, Boston: Cubs 3, Boston 0
Septemba 11, Boston: Boston 2, Cubs 1

Mechi ya kwanza ilipangwa Septemba 4, mvua ikaisogeza. Jumapili ya tarehe 8 haina mchezo. Mechi za Chicago hazikuchezwa kwenye uwanja wa Cubs wenyewe, zilihamishiwa Comiskey Park kwa sababu ulichukua watazamaji wengi zaidi. Mechi ya tano, Septemba 10, ilichelewa kuanza kwa saa nzima hivi. Wachezaji walikuwa wamegoma kuvaa wakidai mgawo wao wa mapato, ambao ulikuwa umeshuka sana. Hatimaye mabingwa waliondoka na dola 1,100 hivi kila mmoja. Usiiache habari ya mgomo ati kwa kuwa haihusu mabao. Inahusu vita moja kwa moja, maana watazamaji walipungua na fedha zikapungua nao.

Zingatia sheria za wakati ule. Julai 8, Red Sox wakiwa sare 0–0 na Cleveland katika zamu ya kumi, Ruth aliupiga mpira ukavuka uzio. Kwa sheria za leo hiyo ni homurani, yaani pigo linalomwezesha mpigaji kuzunguka vituo vyote na kufunga. Kwa sheria ya 1918, mchezo uliisha pale tu mkimbiaji aliyekuwa kituo cha kwanza alipofika nyumbani, yaani kituo cha mwisho panapohesabiwa alama, kwa hiyo Ruth akaandikiwa pigo la vituo vitatu. Ndiyo maana hesabu yake ya mwaka ni homurani 11, sawa na Tilly Walker wa Philadelphia, na si 12. Ukikuta chanzo kinasema 12, mwandishi amerekebisha historia kwa kipimo cha leo. Na usizione 11 kuwa chache. Mpira wa enzi ile haukuruka mbali, tena ulitumika mpaka ukachakaa na kuchafuka. Katika fainali zote sita za mwaka huo hakuna timu iliyopiga homurani hata moja.

Kosa jingine linatokana na jina World Series. Shindano hilo lilikuwa la mabingwa wa ligi mbili za Marekani tu, na wachezaji weusi walizuiwa kabisa. Chicago hiyohiyo ilikuwa na timu ya watu weusi ya Chicago American Giants chini ya Rube Foster, mrushaji aliyekuja kuanzisha Negro National League mwaka 1920. Ifungulie mstari wake ndani ya safu ya uwanjani. Kalenda inayotaja Cubs na White Sox peke yao imeacha nje sehemu ya mji.

Safu ya dunia

Usijaze kila kitu. Chagua matukio yasiyozidi 20. Ya lazima ni haya: hotuba ya Rais Wilson ya hoja 14, Januari 8, mkataba wa Brest-Litovsk ulioitoa Urusi vitani, Machi 3, shambulio kubwa la Wajerumani, Machi 21, shambulio la Amiens, Agosti 8, shambulio la Saint-Mihiel, Septemba 12, la Meuse-Argonne, Septemba 26, na kusitishwa kwa vita, Novemba 11.

Kwa Urusi kuna mtego. Nchi hiyo ilibadilisha kalenda mwaka huohuo: siku iliyofuata Januari 31 ikawa Februari 14. Tukio lolote la Urusi la Januari linaweza kuwa na tarehe mbili zinazopishana kwa siku 13. Andika ya kalenda mpya, kisha weka ya zamani pembeni kwa penseli.

Kwa saa, mtego uko pande mbili. Marekani ilianza kusogeza saa mbele majira ya kiangazi mwaka huohuo, Machi 31, ikarudisha Oktoba 27. Halafu kuna saa zetu za Kiswahili. Mizinga ilinyamaza saa tano asubuhi ya Ufaransa. Boston ilikuwa saa kumi na mbili alfajiri, na kwa saa tunazotumia leo Afrika Mashariki ni saa nane mchana. Mtu akisoma "11" katika chanzo cha Kizungu akaandika saa kumi na moja, msomaji wetu ataelewa alfajiri au jioni. Andika saa kwa maneno, na kila mara taja ni za wapi.

Wiki ya Julai 15, kwa karibu

Wiki hii ifanye kwanza, kama kipimo cha mkono wako. Julai 15 Wajerumani wanashambulia kwenye mto Marne. Usiku wa 16 kuamkia 17, mfalme wa zamani wa Urusi na familia yake wanauawa Yekaterinburg. Julai 18 majeshi ya Ufaransa na Marekani yanajibu mapigo. Julai 19 Waziri wa Vita wa Marekani, Newton Baker, anatoa uamuzi juu ya rufaa ya mdakaji wa Washington, Eddie Ainsmith: besiboli si kazi ya lazima kwa taifa.

Sasa chora mishale. Uamuzi wa Baker una mzazi wake, nayo ni amri ya Jenerali Enoch Crowder ya Mei 23, iliyoanza kutumika Julai 1, ikiwataka wanaume wa umri wa kuandikishwa wafanye kazi yenye manufaa kwa vita au waende jeshini. Kutoka Mei 23 chora mshale mzito hadi Julai 19. Kutoka hapo chora mwingine hadi Septemba 2, kwa kuwa baada ya uamuzi huo wachezaji waliongezewa muda hadi Septemba 1, na timu mbili za fainali zikapewa siku chache zaidi. Kila mshale una karatasi nyuma yake. Kutoka Marne hadi uamuzi wa Baker usichore chochote, ingawa ni siku nne tu na macho yanatamani.

Mishale inayodanganya

Watu wengi huandika kwamba vita ndivyo vilivyomtoa Ruth kwenye urushaji na kumfanya mpigaji. Kuna ukweli ndani yake, lakini si wote. Wachezaji wengi wa Boston walikuwa wameingia jeshini na kikosi kilikuwa chembamba. Hata hivyo, Mei 6 alipoanza kwa mara ya kwanza nafasi isiyo ya mrushaji, mlinzi wa kituo cha kwanza alikuwa ameumia. Hapo tumia mstari wa nukta. Halafu kumbuka kwamba mwaka huo bado alishinda mechi 13 kama mrushaji, na nyingine mbili za fainali.

Mafua makali yaliyoenea duniani mwaka huo nayo yanahitaji mkono mzito wa tahadhari. Mwishoni mwa Agosti mabaharia wa jeshi walianza kuugua kwenye gati ya Commonwealth, Boston, na Septemba 9 hadi 11 maelfu ya watu walikaa bega kwa bega Fenway Park, uwanja wa Red Sox. Weka matukio hayo jirani, msomaji ayaone. Usiandike kwamba mechi zilisambaza ugonjwa, maana huna waraka wa kuonyesha hivyo. Unachoweza kuandika kwa uhakika ni majina: mwamuzi Silk O'Loughlin alikufa kwa mafua hayo Desemba.

Wimbo pia. Septemba 5, wakati wa mapumziko ya zamu ya saba, bendi ilipiga "The Star-Spangled Banner", na Fred Thomas wa Boston, aliyekuwa kwa likizo kutoka jeshi la majini, akapiga saluti. Usiuite wimbo wa taifa, kwa sababu haukuwa hivyo kisheria hadi 1931. Wala usiseme "kwa mara ya kwanza", kwani ulishapigwa viwanjani kabla ya hapo.

Safu ya Afrika Mashariki

Safu hii si pambo. Vita ni vilevile, vile ambavyo wazee wetu waliviita Vita vya Wajerumani. Wiki ileile shambulio la Meuse-Argonne lilipoanza, von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku, na askari wake walivuka Ruvuma wakirudi kutoka Msumbiji, Septemba 28. Oktoba 5 Eddie Grant, aliyekuwa mchezaji wa New York Giants, akauawa msituni Argonne.

Novemba inahitaji mistari kadhaa ya hapa, si mmoja. Tarehe 11 vita vinakwisha Ulaya, lakini upande wa Kasama, katika Zambia ya leo, vita bado vinaendelea. Tarehe 13 habari inamfikia Lettow-Vorbeck, tarehe 14 anasimamisha mapigano, na Novemba 25 askari wanaweka silaha chini Abercorn, ambayo sasa ni Mbala. Anayeandika "vita viliisha Novemba 11" katika safu zote amefuta siku 14 za watu wa huku.

Na usijaze majenerali watupu. Wapagazi waliobeba mizigo ya majeshi wapate mstari wao. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kikosi hicho cha Waingereza cha wabeba mizigo.

Safu ya ushahidi na uhakiki wa mwisho

Katika sentimita 6 za mwisho andika herufi moja tu: A kwa amri au waraka rasmi, T kwa takwimu za mechi, G kwa gazeti la siku hizo, K kwa kitabu cha baadaye. Takwimu za mechi zinapatikana bure kwenye tovuti ya Retrosheet, na magazeti ya Marekani ya 1918 yako katika mkusanyo wa kidijitali wa Maktaba ya Bunge la Marekani. Tukio lenye K peke yake libaki kwa penseli mpaka lipate G au T.

Mwisho, soma karatasi kutoka Desemba kurudi Januari. Ukisoma kwa mpangilio wa kawaida, akili hujaza mapengo yenyewe. Ukisoma kinyumenyume, kila mshale usio na waraka unajitokeza, na kila neno lililovuja kutoka miaka ya mbele linaonekana. Kama umeandika popote kwamba Boston wangesubiri hadi 2004 kutwaa taji tena, au kwamba Ruth angeuzwa New York, lifute. Hakuna aliyekaa Fenway Septemba 11, 1918 aliyejua hayo.